Kuchagua LSD kwa BMW E30: mwongozo wa hatua kwa hatua

Maswali ni yaleyale kuhusu difu, yaani gia za nyuma zinazogawa nguvu ya injini kwa magurudumu mawili, na kuhusu LSD (limited-slip differential), difu inayozuia gurudumu moja kuspini peke yake. "Nina 325i, niweke Torsen au ya pleti?" "Nimeuziwa difu yenye herufi S, ni LSD kweli?" "Nikichomelea tu difu ya kawaida, kuna ubaya gani?" Anayeuliza mara nyingi ameshatajiwa bei na anasubiri kuambiwa alipe au asilipe. Naomba uanze nyuma ya hapo, kwa sababu wengi hununua nguvu ya kufunga ambayo gari lao halitaihitaji hata siku moja, halafu wanaishi na kelele zake kila wakiegesha.

Nitatumia E30, ile BMW iliyotengenezwa kuanzia 1982 hadi 1994. Difu zake zinajulikana vizuri na nyingi zinaingiliana na za E36, BMW iliyoifuata. Mwenye Altezza, Mark II au Impreza afuate hatua hizihizi, na karibu na mwisho yapo machache yanayomhusu yeye.

Nadharia ya kukutosha ni hii. Difu ya kawaida hugawa torki (nguvu ya kuzungusha) sawasawa kwa magurudumu mawili ya nyuma, kwa hiyo gurudumu lenye mshiko mdogo ndilo linaloamua. Likibeba kidogo, na mwenzake anapewa kidogo hichohicho. Ndiyo maana ukikanyaga mafuta katikati ya kona kali, gurudumu la ndani linaspini na gari halisogei. LSD inazuia magurudumu hayo kuachana mwendo kupita kiasi, ili lile lililoshika ardhi lipate zaidi.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jeki imara na stendi mbili, pamoja na vizuizi vya magurudumu ya mbele
- Chaki au maka, na mtu wa kukusaidia kuhesabu
- Spana ya torki
- Ufunguo wa aleni wa mm 14 kwa vizibo vya mafuta vya difu
- Chombo safi cha kumwagia mafuta, kitambaa cheupe na sumaku ndogo
- Tairi mbili za nyuma za saizi moja, aina moja, zilizolika sawa
- Bajeti ya sili, beringi, mafuta na fundi, mbali na bei ya difu yenyewe

Hilo la tairi usilipite haraka. Tairi mpya upande mmoja na kipara upande mwingine zina mizingo tofauti, kwa hiyo LSD itakuwa kazini hata barabara ikiwa imenyooka kabisa. Ya pleti itajila yenyewe na hutajua kwa nini.

Onyo la kwanza, na ndilo kubwa. Gari lenye LSD usilipandishe gurudumu moja la nyuma kisha ukawasha injini na kuingiza gia. Lile gurudumu lililobaki chini litapata torki na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Pandisha yote mawili au usiwashe.

Hatua ya 1: Amua gari litafanya kazi gani

Andika kwenye karatasi, kwa mwaka mzima, gari hili litakwenda wapi. Kazini na safari ndefu? Autocross (mashindano ya kona kwenye uwanja mfupi) mara chache? Drifti (kuteleza makusudi)? Murram? Jibu la kweli ndilo litakalochagua difu. Mtu anayeendesha kila siku mjini na kuingia uwanjani mara mbili kwa mwaka ana gari la mjini, na alinunulie difu ya gari la mjini.

Hapohapo chungulia chini. Kama bushi za nyuma zimekufa na shoko zinavuja mafuta, anza na hizo. Gurudumu linaloruka kwa sababu shoko imekufa litaspini na LSD ya bei yoyote ile.

Hatua ya 2: Jua difu uliyonayo sasa

E30 zilikuwa na difu za saizi mbili, nazo hutajwa kwa kipenyo cha krauni, ile gia kubwa ya ndani inayozungushwa na gia ndogo iitwayo pinyoni: mm 168 na mm 188. Kwa kawaida 316i na 318i zina ile ndogo, 325i na M3 zina ile kubwa. Ndogo hula mafuta kama lita 0.9, kubwa kama lita 1.7. Saizi hizi mbili haziingiliani hivihivi, kwa hiyo ukitaka kutoka ndogo kwenda kubwa hesabu pia saidi shafti (vyuma vya kwenda magurudumuni) na propela (chuma kinachotoka gia boksi hadi difu).

Kwenye boliti moja ya kifuniko cha nyuma huning'inia kibati chenye uwiano, yaani propela huzunguka mara ngapi magurudumu yakizunguka mara moja, kwa mfano 3.73. Kikiwa na S mbele ya namba, difu ilitoka kiwandani ikiwa LSD. Lakini kibati hicho kinashikwa na boliti moja tu, na yeyote mwenye spana anaweza kukihamishia kwenye difu nyingine. Kichukue kama fununu, kisha pima mwenyewe:

- Pandisha magurudumu yote mawili ya nyuma kwenye stendi, injini imezimwa, gia huru, breki ya mkono imeachiwa.
- Zungusha gurudumu moja kwa mkono. Jingine likienda kinyume, hiyo ni difu ya kawaida, au LSD ya pleti iliyokwisha, au Torsen (LSD ya gia) isiyo na mkazo wa awali, yaani mbano unaokuwepo hata bila torki. Likienda upande uleule pamoja na propela, una LSD ambayo bado inashika.

Kupata uwiano, chora chaki kwenye tairi na kwenye propela. Kwa difu ya kawaida, mwenzako ashike gurudumu moja lisisogee, wewe zungusha lile jingine mizunguko miwili kamili huku ukihesabu propela. Kwa LSD inayoshika, zungusheni yote mawili kwa pamoja mzunguko mmoja. Propela ikienda karibu mizunguko mitatu na robo tatu, hiyo ni 3.73. Ikipita minne kidogo, ni 4.10. Difu ikiwa imefunguliwa, hesabu meno: krauni ya 41 kwa pinyoni ya 11 ni 3.73, 41 kwa 10 ni 4.10.

Hatua ya 3: Chagua uwiano kabla ya aina

Hapa ndipo watu wengi hupanga kinyume. Wanapata LSD kwa bei nzuri, wanaifunga, halafu wanagundua gari linanguruma kwenye barabara kuu.

Tuchukue 325i yenye gia boksi ya kawaida, gia ya tano 0.81, tairi za 195/65 R14. Kwa kilomita 100 kwa saa, uwiano wa 3.73 unazungusha injini kama 2,630 kwa dakika. Ukiweka 4.10, mwendo uleule unakuwa kama 2,890. Mizunguko 260 zaidi inaonekana midogo mpaka uendeshe Nairobi hadi Mombasa, karibu kilomita 480, ukiisikia njia nzima. Kwa upande mwingine, kwenye uwanja mfupi au mlimani 4.10 inalifanya gari liamke. Mimi kwa gari linalosafiri nabaki na 3.73 au 3.64.

E30 ina raha moja: kihisi cha spidomita kiko kwenye kifuniko cha nyuma cha difu, kinasoma upande wa magurudumu. Ukibadilisha uwiano, spidomita haidanganyi. Magari yanayosoma kutoka gia boksi ni tofauti. Mazda MX-5 ya kwanza ikitolewa 4.3 na kuwekwa 4.1, spidomita itaonyesha pungufu karibu asilimia 5, yaani unakwenda kasi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 4: Chagua aina

*Ya pleti.* Ndiyo iliyotoka kiwandani kwenye E30. Ndani kuna pleti za klachi zinazobanwa kadiri torki inavyoongezeka, pamoja na mkazo wa awali unaozibana hata bila mafuta kukanyagwa. Ya kiwandani ina asilimia 25, maana yake tofauti kati ya magurudumu inaweza kufika robo ya torki yote: moja likapata 62.5, jingine 37.5. Ukifikisha 40, jambo ambalo mafundi hufanya kwa kuongeza pleti, inakuwa 70 kwa 30. Uzuri wake ni kwamba inafanya kazi hata gurudumu likiwa hewani, na inafunguka ikatengenezwa. Ubaya ni kwamba pleti zinalika. Difu yenye miaka zaidi ya 30 ambayo haijawahi kufunguliwa, ihesabu kama difu ya kawaida yenye jina kubwa mpaka uipime.

*Ya gia, yaani Torsen, Quaife na ndugu zao.* Hizi hazina pleti. Gia za ndani zinasukumana na kubana zenyewe, na kwa kuwa hazina cha kulika haraka, zinadumu sana. Ni tulivu, mvua haizisumbui, na usukani haubadiliki tabia. Lakini elewa hesabu yake: inazidisha kile ambacho gurudumu dhaifu linaweza kubeba. Kama uwezo wake ni 2.5 kwa 1 na gurudumu la ndani linashika Nm 100, la nje linaweza kupata hadi Nm 250. Gurudumu la ndani likinyanyuka kabisa, linashika sifuri, na sifuri mara 2.5 ni sifuri. Ndiyo maana gari lenye springi ngumu linaloinua gurudumu kwenye kona hulalamikiwa kwamba "Torsen haifanyi kazi". Kugusa breki kidogo huku umekanyaga mafuta huisaidia, kwa sababu breki inalipa lile gurudumu jepesi kitu cha kusukumana nacho.

*Ya majimaji mazito.* Utaikuta zaidi kwenye Subaru na MX-5 za mwanzo. Mafuta ya silikoni ndani yake huzuia magurudumu yanapoachana mwendo. Ni laini, inachelewa, na ikizeeka inapoteza nguvu bila dalili. Kama gari lilikuja nayo, itumie. Kuinunua ikiwa imetumika, mimi sishauri.

*Ya kuchomelea.* Yaani gia za ndani ya difu ya kawaida zinaunganishwa kwa weldi ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja daima. Swali hili haliishi, kwa hiyo nitalijibu moja kwa moja. Kwa gari la drifti linalobebwa kwenye lori hadi uwanjani, watu hufanya na wanaelewana nayo. Kwa gari linalotembea barabarani, usifanye. Kila kona ya polepole tairi moja lazima iburuzwe, saidi shafti zinapinda kwa mzigo ambao hazikuundiwa, na kwenye lami iliyolowa gari linakataa kukata kona halafu ghafla mkia unatoka. Na weldi ikiachia vipande ndani, krauni na pinyoni vinakwenda navyo.

Uamuzi wangu: kwa E30 ya barabarani inayoonja uwanja mara chache, chukua 188 ya kiwandani yenye S, uwiano unaoutaka, na uifungue ibadilishwe pleti kabla ya kuipandisha. Kama mfuko unaruhusu na gari haliinui gurudumu, ya gia ni bora zaidi kwa mtu asiyetaka kuifikiria tena. Kwenye murram, ambako magurudumu yote mawili yana mshiko mdogo na moja hurukaruka, ya pleti inashinda.

Hatua ya 5: Ukichagua ya pleti, chagua tabia yake

Ukinunua mpya kutoka kwa watengenezaji wa vifaa vya mashindano utaulizwa njia 1, 1.5 au 2. Njia 1 hufunga ukikanyaga mafuta tu. Njia 2 hufunga sawa ukikanyaga na ukiachia. Njia 1.5 hufunga kwa nguvu ukikanyaga na kidogo ukiachia. Kwa barabara na uwanja pamoja, 1.5 inatosha kabisa. Njia 2 ni ya drifti. Mkazo wa awali nao usizidishwe: ukiwa mkubwa, pua ya gari inasukuma nje ya kona unapoingia polepole.

Hatua ya 6: Kagua difu ya mtumba kabla ya kulipa

Iwe umeipata Kirinyaga Road, Kariakoo au imeletwa kutoka Sharjah, omba ifunguliwe kizibo mbele yako. Muuzaji akikataa, una jibu lako.

Chovya kidole, paka mafuta kwenye kitambaa cheupe, geuza kitambaa juani. Mafuta meusi peke yake si shida kwa difu ya pleti. Hilo ni vumbi la pleti. Uji laini wa kijivu kwenye sumaku pia ni wa kawaida kwa umri wake. Unachoogopa ni vipande vinavyochoma kidole, vyenye ncha au sura ya jino. Mafuta ya rangi ya chai ya maziwa yameingiwa maji, kwa hiyo beringi zake zimeanza kula kutu.

Kisha shika flanji ya pinyoni, pale propela inapofungwa, uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi imekwisha. Izungushe polepole usikilize kama inakwaruza.

Kupima pleti difu ikiwa mezani: bana flanji moja ya pembeni isizunguke, acha ya pinyoni huru, na zungusha flanji ya upande wa pili kwa spana ya torki. Ikizunguka kwa mkono bila taabu, pleti zimekwisha, na bei ishuke ipasavyo. Ya gia huwezi kuihukumu kwa njia hii, maana hata nzima huzunguka kirahisi. Hiyo toa kifuniko cha nyuma uione kwa macho.

Hatua ya 7: Hakikisha vinaingiliana

Difu ya 188 ya E36 inaingia kwenye E30, lakini unahamisha kifuniko cha nyuma cha E30, kwa kuwa ndicho chenye mahali pa mpira wa kuishikilia. Nunua difu na flanji zake, na ulinganishe mduara wa boliti na saidi shafti zako kabla ya kuondoka dukani. Angalia pia kama pete ya meno inayosomwa na kihisi cha spidomita ipo ndani. Ikikosekana, sindano haitanyanyuka.

Kosa la kawaida: kununua moyo wa LSD peke yake na kumwambia fundi auhamishie kwenye nyumba ya zamani "upesi". Inawezekana, ila uwazi kati ya meno ya krauni na pinyoni lazima upimwe kwa geji na kurekebishwa kwa shimu, vipande vyembamba vya chuma. Fundi asiye na geji asiifungue. Ni afadhali ulipie difu nzima ambayo krauni na pinyoni yake vimezeeka pamoja.

Hatua ya 8: Ifunge, ijaze, izoeshe

Ikiwa bado chini, badilisha sili zote na mpira wa nyuma. Difu ya 188 ni nzito. Tumia jeki ya gia boksi na muwe wawili. Hakikisha kizibo cha kujazia kinafunguka *kabla* ya kumwaga mafuta ya zamani, usije ukabaki na difu tupu na kizibo kilichogoma.

Ya pleti inataka mafuta ya GL-5 (daraja la mafuta ya gia) yaliyoandikwa kuwa ni ya LSD, yenye dawa ya msuguano. Ya gia inatumia GL-5 ya kawaida, kwa uzito anaotaja mtengenezaji. Usizidishe dawa kwenye ya pleti, kwa sababu itateleza na kufunga kutapungua.

Pleti mpya zizoeshe: uwanja mtupu, mwendo mdogo, zunguka mchoro wa namba 8 kwa dakika kadhaa, pumzika ipoe, rudia. Kisha mwaga mafuta hayo, weka mapya. Ya gia haihitaji zoezi hili.

Siku ya kwanza ya mvua endesha kwa adabu. Difu ya kawaida ilikuwa inaspini gurudumu moja huku jingine likishikilia mkia. Sasa yakiachia, yanaachia yote mawili.

Kwa wenye magari mengine

Impreza: uwiano wa mbele umo ndani ya gia boksi na wa nyuma lazima uendane nao. Ya 4.444 mbele inataka 4.444 nyuma. Zipo zenye 3.90 mbele na 3.545 nyuma, kwa sababu gia ya kuhamishia nguvu ni 1.1, na 3.545 mara 1.1 ni 3.90. Ukikosea hapa unaua difu ya kati. Difu za nyuma za R160 na R180 nazo ni saizi mbili tofauti.

Altezza RS200 na Mark II Tourer V: baadhi zilitoka Japani zikiwa na Torsen. Soma msimbo wa ekseli kwenye kibati kilicho chini ya boneti kabla hujanunua kitu ambacho huenda tayari unacho.

Ikisumbua

- *Inagongagonga kwenye kona za polepole:* mafuta si ya LSD au dawa imekwisha. Badilisha kwanza mafuta. Ikiendelea, pleti zimeng'aa au mkazo wa awali umezidi.
- *Gurudumu moja bado linaspini:* kwa ya pleti, pima kama hatua ya 6. Kwa ya gia, angalia kama gurudumu linanyanyuka. Likinyanyuka, shida iko kwenye springi na stabilaiza.
- *Inalia ukikanyaga au ukiachia mafuta:* uwazi wa krauni na pinyoni, au beringi ya pinyoni. Usisubiri.
- *Kishindo ukiondoka:* mpira wa nyuma wa difu, mpira wa propela, au jointi za saidi shafti. Mara nyingi difu yenyewe haina kosa.
- *Inavuja pembeni mara tu baada ya sili mpya:* safisha tundu la kupumulia. Likiziba, joto hujenga shinikizo na sili yoyote itasalimu amri.
- *Spidomita imekufa:* waya wa kihisi kwenye kifuniko, kisha ile pete ya meno.